Ile 5 iliyonipoteza kwenye mistari perpendikula

Nianze na mfano wenyewe maana ndo chanzo cha yote. Mwalimu aliandika ubaoni: tafuta mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta (6, 2) na uwe perpendikula na mstari y = 2x + 5, yaani ukutane nao kwa pembe mraba, nyuzi 90 kamili. Akafanya harakaharaka, mteremko wa kwanza (yaani mstari unapanda hatua ngapi kwa kila hatua moja ya kwenda kulia) ni 2, mteremko wa pili ni -1/2, akaweka namba pale akahamisha akamaliza na y = -1/2x + 5, akapiga mstari chini ya jibu, kipindi kikaisha. Mimi nikanakili kila kitu. Usiku nakaa kupitia daftari naangalia mlinganyo wa swali, naangalia mlinganyo wa jibu, naona 2 imekua -1/2 na 5 imebaki 5. Basi nikajiandikia pembeni kwa peni nyekundu, nakumbuka mpaka leo: pindua mteremko, geuza alama, namba ya mwisho iache ilivo.

Sheria hiyo nikatembea nayo wiki nzima nikiwa na amani kabisa. Zoezi likaja, maswali manane, nikamaliza wa kwanza darasani maana kwangu ilikua ni kuangalia na kuandika tu, hakuna kukokotoa chochote. Daftari liliporudi maswali yote manane yana alama ya kosa, na chini kabisa mwalimu kaandika maneno matatu tu: nukta umeitumia wapi?

Niliumia, alafu nilichanganyikiwa pia, kwa sababu kweli nukta sikuitumia popote na mfano wa ubaoni ulikubaliana na sheria yangu vizuri kabisa. Nikarudia swali la kwanza la zoezi. Mstari ulikua y = 3x - 4 na nukta (6, 1). Jibu langu lilikua y = -1/3x - 4. Nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya kabla, nikachukua ile 6 nikaiweka kwenye x ya jibu langu, ikaja -2 toa 4, yaani -6. Lakini nukta inasema x ikiwa 6 y inatakiwa iwe 1. Mstari wangu ulikua umepita mbali sana na nukta, tofauti ya hatua 7 nzima kwenda chini. Mlinganyo sahihi unatafutwa hivi: weka 6 na 1 kwenye y = -1/3x + c, hiyo c ndo ile namba ya mwisho, unapata 1 = -2 + c, c ni 3, mstari ni y = -1/3x + 3.

Hapo ndo nikaelewa kazi ya nukta. Mteremko peke yake haukupi mstari mmoja, unakupa mistari isiyo na idadi, yote sambamba, yote imelala kwa ulalo uleule, yote inakata y = 3x - 4 kwa nyuzi 90. Ukichora hiyo mistari kadhaa kwenye karatasi ya grafu inaonekana kama mistari ya daftari iliyoinamishwa. Nukta ndo inachagua mmoja kati ya hiyo yote. Kwahiyo swali lina sehemu mbili ambazo hazifanani hata kidogo, mstari uliopewa unakuambia ulale vipi, nukta inakuambia ulale wapi, na ile c ya mstari wa zamani haina lolote la kusema kuhusu mstari mpya. Swali la mwalimu la maneno matatu lilinifundisha kuliko ukurasa mzima wa maelezo na nimekuja kulitumia kwa kila mtu niliyemfundisha baadae.

Kwa nini sasa kwenye ule mfano wa kwanza 5 ilibaki 5? Hilo sikulijua wakati ule, nililiacha tu nikajua imetokea. Jibu lake nililipata miaka mingi baadae na nitalifikia.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuhakiki. Kila nikipata mlinganyo naweka nukta ndani, ikikubali napiga mstari chini naenda swali linalofuata. Nikajiona nimekamilika. Mtihani wa kufunga muhula ukaja na swali hili: mstari unaopita kwenye (4, 1) na ulio perpendikula na 3x + 2y = 12. Nikaona 3 iko mbele ya x, nikasema mteremko ni 3, wa pili ni -1/3, nikaweka nukta, nikapata x + 3y = 7. Nikahakiki: 4 jumlisha 3 ni 7. Safi. Nikaenda zangu.

Lilikua kosa. Na hili ndo kosa ninalopenda kuwaeleza watu kwa kirefu kwa sababu mtu amehakiki kabisa na bado amekosa. Nukta inakubali kwa sababu nimeilazimisha ikubali wakati natafuta c, hata ningetumia mteremko wowote wa ajabu bado nukta ingekubali, kwahiyo ule uhakiki wangu ulikua unapima kitu kimoja tu, kama nimekokotoa c vizuri. Haukua unapima kama mistari inakutana kwa nyuzi 90. Mteremko wa 3x + 2y = 12 sio 3. Lazima kwanza y ibaki peke yake, 2y = -3x + 12, y = -3/2x + 6, mteremko ni -3/2. Wa mstari mpya unakua 2/3. Kisha 1 = 2/3 mara 4 jumlisha c, ukipenda usiwe na sehemu unaandika 3(y - 1) = 2(x - 4), inatoka 2x - 3y = 5. Weka nukta: 8 toa 3 ni 5. Inakubali. Lakini pia zidisha miteremko: -3/2 mara 2/3 ni -1. Hii ya pili ndo niliyokua nimeikosa. Kwa jibu langu la mtihani ningezidisha -3/2 na -1/3 ningepata 1/2 na ningejua palepale.

Tangu siku hiyo nahakiki mara mbili, nukta na zao la miteremko. Inachukua kama nusu dakika. Na muhimu mteremko wa mstari uliopewa unaotumia kuhakiki uutafute upya, usichukue ule ulioandika juu, maana kama ulikosea juu utajihakikishia kosa lako mwenyewe. Njia nyepesi ni kuchukua nukta mbili za mstari wa swali, kwa mfano 3x + 2y = 12 inapita (0, 6) na (4, 0), ukitoka ya kwanza kwenda ya pili unaenda kulia hatua 4 na kushuka hatua 6, basi mteremko ni -6/4 ambayo ni -3/2. Hukugusa alijebra kabisa na umeona kwa macho kwamba mstari unashuka.

Kuna makosa mengine madogo nimeyaona kwangu na kwa wenzangu ambayo sitayakalia sana. Desimali kama 0.4 mtu anaipindua inakua 4.0, badili kwanza iwe 2/5 ndo upindue. Moja na nusu mtu anapindua ile nusu tu anaacha moja, badili iwe 3/2. Namba nzima kama 4 mtu anasema haina cha kupindua, ni 4/1, basi inakua 1/4. Na nukta zenye hasi, hizi zinakula maksi nyingi: nukta (-3, -2) na mteremko 4, ukitumia ile fomula ya y kutoa y ya nukta ni sawa na mteremko mara x kutoa x ya nukta, unaandika y + 2 = 4(x + 3), inatoka y = 4x + 10. Wengi wanaandika y - 2 = 4(x - 3), na huo mstari upo kweli na umenyooka vizuri tu, lakini unapita (3, 2), sehemu nyingine kabisa. Mimi binafsi kwa anayeanza namshauri aweke nukta kwenye y = mx + c, m ikiwa mteremko, na atafute c, kuna alama chache za kupotea njiani.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nilikaa nacho bila kukijua kwa muda mrefu sana. Nilimaliza shule nikiwa najua kupindua na kugeuza alama, nikawa napata maswali yote, na sijui kwa nini inapinduliwa. Hakuna aliyeniuliza na mimi sikuuliza. Siku mtoto wa dada yangu alipokuja na daftari nimsaidie, nikamwambia kama nilivoambiwa mimi, pindua, geuza alama. Akaniangalia akasema, "Mjomba, tunapindua kwa nini? Na ile hasi inatoka wapi?" Nikafungua mdomo nikakuta sina jibu. Nikamwambia ukweli, mjomba wangu hilo sijui, nipe mpaka kesho.

Usiku ule nilikaa na karatasi ya grafu. Nilianza na alijebra nikazunguka tu. Kilichonisaidia ni kuacha namba na kufikiria kutembea. Mteremko 3/2 maana yake nini? Nikiwa juu ya mstari, nikienda kulia hatua 2 napanda hatua 3, nipo tena juu ya mstari. Nikachora hiyo ngazi moja, 2 kulia, 3 juu, nikapitisha mstari. Alafu nikaishika karatasi nikaizungusha robo mzunguko kuelekea kushoto, kinyume na saa. Nikaangalia ile ngazi imeenda wapi. Ile hatua iliyokua inaelekea kulia sasa inaelekea juu. Ile iliyokua inaelekea juu sasa inaelekea kushoto. Kwahiyo ngazi mpya ni 2 juu, 3 kushoto. Mteremko wake ni kupanda 2 kwa kwenda -3, yaani -2/3.

Nilikaa nikaitazama ile karatasi kwa muda. Kila kitu kilikua pale. Inapinduliwa kwa sababu unapozungusha robo, kwenda pembeni kunakua kupanda na kupanda kunakua kwenda pembeni, vimebadilishana nafasi, namba ya juu ya sehemu imekua ya chini na ya chini imekua ya juu. Hasi inatoka kwa sababu kimoja kati ya hivo viwili kimeishia kuelekea upande wa kushoto. Nikajaribu kuzungusha kuelekea kulia nione kama itaharibika, kulia kukawa chini, juu kukawa kulia, ngazi ni 3 kulia na 2 chini, mteremko -2/3, uleule, na lazima iwe hivo kwa sababu mstari ukizungushwa robo kushoto au robo kulia unalala mahali pamoja. Miaka yote hiyo kupindua na kugeuza alama nilikua nakuona kama vitu viwili vya kukariri, kumbe ni tendo moja, kuzungusha karatasi.

Kesho yake sikumwambia kitu nikampa karatasi nikamwambia azungushe mwenyewe aniambie ngazi imeenda wapi. Alipofika kwenye kushoto akasema "aaah" na sikuhitaji kuongeza neno.

Kwa anayetaka uthibitisho wa kukokotoa upo na ni mfupi sana, nilimfanyia pia kwa sababu alitaka kujua kama ni kweli kwa kila namba. Chukua mistari miwili inayopita kwenye asili ya grafu, nukta (0, 0), miteremko m na n. Kwenye x = 1 mmoja uko kwenye (1, m) mwingine kwenye (1, n). Hizo nukta mbili pamoja na (0, 0) zinafanya pembetatu. Kama pembe pale kwenye (0, 0) ni nyuzi 90 basi kanuni ya Pythagoras inasema mraba wa upande wa kwanza jumlisha mraba wa upande wa pili ni mraba wa ule wa tatu. Mraba wa kwanza ni 1 + m², wa pili 1 + n², na wa tatu ni umbali kati ya m na n kwenye mstari wima, mraba wake ni (m - n)², ambayo ukifungua mabano ni m² - 2mn + n². Futa m² na n² pande zote, inabaki 2 = -2mn, yaani mn = -1. Basi. Na inafanya kazi kurudi nyuma vilevile, zao likiwa -1 pembe ni nyuzi 90.

Akaniletea swali jingine wiki hiyohiyo: mstari perpendikula na y = 4 unaopita (-3, 7). Akasema mteremko ni 0, nikipindua ni 1 kwa 0, kikokotoo kinaandika kosa. Hapa kanuni ya -1 haitumiki kwa sababu mstari wima hauna mteremko, hakuna namba ambayo ukizidisha na 0 upate -1. Lakini karatasi ya kuzungusha bado inafanya kazi. Mstari uliolala ukiuzungusha robo unasimama, wima unaopita kwenye x ya -3 ni x = -3. Hiyo ndo jibu lote, na nukta umeitumia nusu, ile 7 haikuhitajika kuandikwa. Ukipewa x = 9 na nukta hiyohiyo jibu ni y = 7. Kwa hiyo mwenye picha kichwani hakwami hapa ila mwenye fomula peke yake anakwama, na watunga mitihani wanalijua hilo vizuri.

Picha nayo ina mtego wake lazima niseme. Kuna siku alinionyesha grafu aliyochora ya y = 3x na y = -1/3x, amepima kwa kipimapembe anapata kama nyuzi 66. Amefuta amechora tena, kama nyuzi 66. Alikua karibu kulia, anasema mjomba kanuni yako imekosea. Nikaangalia mihimili yake. Kwenye mhimili wa x sentimita moja ni 1, kwenye mhimili wa y sentimita moja ni 2, ili grafu itoshe kwenye ukurasa. Hapo umeshabana picha yote kwenda chini. Mstari wenye mteremko 3 kwenye karatasi unapanda sentimita moja na nusu tu kwa kila sentimita moja ya pembeni, na wenye -1/3 unashuka moja ya sita, na ukizidisha 1.5 na -1/6 unapata -0.25 na sio -1, basi pembe ya kwenye karatasi haiwezi kua nyuzi 90. Milinganyo iko sahihi, karatasi ndo imenyooshwa upande mmoja. Hata programu za kuchora grafu za kwenye simu zikijirekebisha zenyewe ili mstari uonekane wote zinafanya hivohivo. Ukitaka kuona pembe mraba kwa macho vipimo vya mihimili yote miwili viwe sawa, la sivyo usiamini macho, amini zao.

Kuna njia ya mkato ambayo nilikatazwa kuitumia nikiwa mwanafunzi na sasa hivi ndo naitumia kila mara, na naona ilikua sawa nikatazwe mpaka nielewe. Mstari ukiwa kwenye umbo la 3x + 2y = 12 huna haja ya kuutafutia mteremko. Badilishana zile namba mbili za mbele, geuza alama ya moja, 2x - 3y, alafu upande wa kulia weka chochote kinachopatikana ukiweka nukta. Nukta (4, 1): 8 toa 3 ni 5. Mlinganyo ni 2x - 3y = 5. Umemaliza kwa mstari mmoja, hakuna sehemu, na wima na mlalo haviisumbui kabisa: y = 4 ni 0x + 1y = 4, badilishana na kugeuza unapata 1x - 0y, weka (-3, 7), x = -3. Ni kuzungusha karatasi kulekule, ila namba zimekaa kwenye mlinganyo badala ya kwenye ngazi.

Alafu akauliza inasaidia nini hii mistari. Swali zuri na linastahili jibu la kweli. Nikampa mstari 3x + 4y = 10 na nukta (5, 5) ambayo haiko kwenye mstari, nikamwambia tafuta umbali mfupi kuliko wote kutoka nukta mpaka mstari. Akaanza kuchora mistari mingi kutoka nukta kwenda kwenye mstari anapima kwa rula, huu mrefu, huu mfupi kidogo, na taratibu akaona mwenyewe kwamba ule mfupi ndo unaogonga kwa pembe mraba. Basi tukatafuta mlinganyo wake: badilishana, geuza, 4x - 3y, weka (5, 5), 20 toa 15, 4x - 3y = 5. Sasa una milinganyo miwili, itatue kwa pamoja, inakutana kwenye (2, 1). Hakiki, 6 jumlisha 4 ni 10, na 8 toa 3 ni 5. Kutoka (5, 5) mpaka (2, 1) ni 3 pembeni na 4 chini, umbali ni kipeuo cha pili cha 25, yaani 5. Alipima kwa rula akapata sentimita 5 na kidogo, akafurahi sana. Humohumo kwenye mstari perpendikula ndo utakuta tanjenti ya duara, maana inakutana na nusu kipenyo kwa nyuzi 90, na ndo utakuta kitovu cha duara linalopita pembe tatu za pembetatu, unakata pande mbili katikati kwa mistari perpendikula na pale inapokutana ndo kitovu.

Alikua pia anajua kuchora hii mistari kwa bikari na rula, kama Euclid, yule Mgiriki wa jiometri, alivoeleza miaka kama 300 kabla ya Kristo, na aliniambia darasani wamefundishwa njia mbili tofauti, moja nukta ikiwa juu ya mstari, nyingine nukta ikiwa nje. Na ni kweli Euclid kaziweka mbalimbali, ya 11 na ya 12 kwenye kitabu chake cha kwanza. Akaniuliza mbona kwenye mlinganyo hatutofautishi. Nikamwambia hapo ndo uzuri wa kuweka namba kwenye nukta, kazi ambayo Descartes, mwanahisabati Mfaransa, aliichapisha 1637, mlinganyo haujali nukta iko juu ya mstari au nje, unaiweka tu ndani c inatoka. Kwenye bikari lazima ujue uko wapi kabla hujaanza.

Na hapo ndo ile 5 ikarudi. Nilikua namweleza makosa yangu ya zamani, nikamwandikia mfano wa ubaoni, y = 2x + 5, nukta (6, 2), jibu y = -1/2x + 5, nikamwambia hii 5 ilinipoteza maswali manane. Akachukua penseli akachora yote miwili kwenye grafu moja, vipimo sawa safari hii, akasema, "Mjomba, si inakutana pale kwenye mhimili wa y, kwenye 5?"

Ndivo ilivo. Namba ya mwisho ni mahali mstari unapokata mhimili wa y. Mistari miwili ikiwa na namba ya mwisho moja maana yake yote miwili inapita mahali pamoja kwenye mhimili huo, na kwa kua miwili hii inakutana mahali pamoja tu, basi imekutania hapo, kwenye (0, 5). Ile (6, 2) ilikua imekaa mahali ambapo ukishusha mstari perpendikula kutoka kwake mguu wake, yaani pale unapogonga mstari wa swali, unatua sawasawa kwenye mhimili wa y. Ingesogea kidogo tu, ingekua (6, 3), c ingekua 6.

Akanyamaza kidogo kisha akauliza, kwahiyo nukta zipi nyingine zingefanya 5 ibaki? Nikamwambia jaribu (10, 0). Akaweka, -5 na 5, sifuri, inakubali. Akajaribu (2, 4), inakubali. (-4, 7), inakubali. (8, 1). Akaziweka zote kwenye grafu, zikajipanga kwenye mstari mmoja, na mstari wenyewe ni lile jibu la ubaoni, y = -1/2x + 5. Alafu bila mimi kusema kitu akafungua ukurasa mpya, akaandika y = 3x - 4, ule mstari wa zoezi langu, akaanza kutafuta nukta ambazo zingefanya jibu langu la zamani liwe sahihi. Ya kwanza aliyoipata ilikua (-6, -2). Akaiweka kwenye -1/3x - 4, 2 toa 4, -2, akaizungushia duara na kuanza kutafuta nyingine.